Meza ya mjomba

Wadau, nimerudi juzi kutoka Ifakara na kichwa kinaniuma kwa sababu ya meza. Ndiyo, meza.

Mjomba amestaafu na ana mwembe mkubwa uani. Anataka meza ya kukaa chini yake, tuitengeneze wenyewe, ikae hapo nje jua na masika. Mbao za paini hataki hata kuzisikia. "Mpwa wangu, meza ni mninga," akasema, mjadala ukafungwa.

Kwa ubora mzee hajakosea. Mninga ukishakauka haujipindi, mchwa wanaukwepa na randa inapita bila ugomvi. Mkongo ni mgumu zaidi, ila utamaliza misumeno. Ile sehemu ya nje yenye rangi ya maziwa ndiyo ya kukata na kutupa, wadudu huanzia hapo.

Tukaenda kwa fundi. Mbao zipo, nyekundu, safi, na bei ilinifanya nimtazame mara mbili. Nikaulizia hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Akacheka. "Kaka mwandishi, unataka meza au unataka habari?"

Jamani, hapo nilinywea. Mimi ndiye niliyewahi kuandika gazetini kuhusu mbao zinazotoka msituni usiku. Na kitanda ninacholalia Dar ni cha mninga, nilikinunua barabarani, sikuuliza hata risiti.

Mninga si mchicha. Mche wake hunyauka kila kiangazi na kuchipua tena, miaka kadhaa, mzizi ukijijenga chini, ndipo uinuke. Hadi ufikie unene wa kupasua mbao ni miongo mingi. Mti uliolala pale kwa fundi huenda ulikuwepo kabla ya Uhuru, na sijaona mtu aliyepanda mwingine mahali pake. Msitu wa miombo pembezoni mwa bonde unageuka mashamba na mkaa, halafu sisi wenye digrii tunabishana kuhusu rangi ya meza.

Mimi nasema meza ya nje iwe ya mtiki. Upo pale pale bondeni. Kampuni ya mitiki ya KVTC ilianzishwa mwaka 1992 na ina maelfu ya hekta Kilombero na Ulanga. Mtiki una mafuta yake ya asili, unavumilia mvua, na ukiachwa bila vanishi unageuka kijivu tu. Mtiki mchanga una weupe mwingi, kwa hiyo chagua ubao uliojaa kahawia.

Najua mtanijibu. Mti wenyewe mgeni, asili yake Asia, na sehemu kubwa inapelekwa nje huku kijana wa Ifakara akihesabu malori. Ni kweli, na inaniudhi. Lakini mtiki ulipandwa ili ukatwe, na ukinunua panapostahili unapewa karatasi. Mninga wa fundi yule haukupandwa na yeyote.

Mjomba alinuna siku nzima. Jioni akaingia stoo, akatoka na mihimili ya kitanda kibovu cha marehemu bibi. Mninga mtupu, haujatobolewa hata na mdudu mmoja. Basi juu itakuwa mtiki, na nafasi kidogo kati ya mbao ili maji yapite, na miguu itakuwa kitanda cha bibi, kwa bolti. Tutaisimamisha juu ya matofali ya saruji. Mjomba bado ananiita bwana misitu.