Sanamu Zimerudi Benin, Vitabu vya Segou Bado Viko Paris

Si desturi yetu kuzungumzia filamu hapa, na filamu za Kifaransa ndiyo kabisa. Nyingi katika hizo hazitazamiki baba akiwa ameketi na bintiye. Lakini "Dahomey" ya Mati Diop, mzaliwa wa Paris mwenye baba Msenegali, iliyotwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2024, ina jambo linalotuhusu.

Filamu hiyo fupi inafuatilia vitu 26 vya ufalme wa Dahomey vilivyotekwa na jeshi la Jenerali Alfred Dodds mwaka 1892, vikakaa Ufaransa zaidi ya karne, kisha vikarejeshwa Benin Novemba 2021. Tunaviona vikifungwa makashani katika makumbusho ya Quai Branly, kisha vikipokewa Cotonou. Sanamu ya Mfalme Ghezo imepewa sauti, inasema kwa Kifon. Hapo Muislamu atasita, na ana haki ya kusita: mti na jiwe havisemi, na baadhi ya vitu hivyo vilihusiana na ibada. Mzazi amweleze mwanawe hivyo bila kigugumizi. Hata hivyo, suala la itikadi ni moja na la dhulma ni jingine. Kilichoporwa ni cha mwenyewe, awe wa dini yetu au asiwe.

Sehemu iliyo bora ni mjadala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi. Wako wanaoshukuru, na wako wanaoona kuwa 26 kati ya maelfu ni dharau. Hesabu iko upande wa hao wa pili. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy, aliyokabidhiwa Rais Macron mwaka 2018, ilikadiria kuwa hazina za umma za Ufaransa zina vitu 90,000 hivi vya Afrika kusini mwa Sahara, na 70,000 kati yake vimo Quai Branly peke yake.

Sheria ya Desemba 2020 iliyoviruhusu vitu hivyo kuondoka ndiyo iliyowapa Wasenegali umiliki wa upanga unaonasibishwa na Al-Hajj Umar Tall, mwanachuoni na mpiganaji aliyefariki mwaka 1864. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamekabidhiwa upanga huohuo kwa mkopo. Ajabu ilioje, mrithi kukopeshwa mali ya babu yake!

Upanga basi umerudi; vitabu havikurudi. Afisa Louis Archinard alipouteka mji wa Segou mwaka 1890, aliichukua maktaba ya Umar Tall na mwanawe Ahmadu, miswada ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono, nayo imo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mbele ya hazina hii, sanamu za Ghezo kwetu ni jambo dogo.

Watasema kwamba Paris imeitunza vyema. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka miswada iliyochomwa moto Timbuktu Januari 2013. Lakini walioiokoa sehemu kubwa ya miswada ya mji ule, wakiisafirisha kwa siri hadi Bamako masandukuni, kwa magari na kwa mitumbwi, walikuwa watu wa Timbuktu wenyewe.