Kiwanja Kina Mwenyewe, Shimo Je?

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni hadi Mapinga, maandishi haya yamezoeleka, kwa rangi nyekundu ukutani au kwenye kibao cha bati: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Mwenyewe ameyaandika kwa kuwahofia matapeli, na ana sababu ya kuwahofia. Ila pita nyuma ya kibao. Mara nyingi utakuta shimo la choo lililochimbwa kabla fedha hazijakata, au kisima kilichokusudiwa kutoa maji ya ujenzi, au pagale lililoota majani na nondo zimechomoza. Masika yakiingia shimo linajaa, nyasi zinafunika ukingo. Watoto wa mtaa hawana habari na hati miliki. Wao wanaona mahali pa kuchezea mpira na mahali pa kuogelea.

Mtoto akizama humo, nani analipa? Mitaani kwetu wazazi huzika, majirani huchanga, mwenye kiwanja hapatikani kwa kuwa yuko mkoa mwingine au ng'ambo, na mwezi unaofuata shimo bado liko wazi. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Ipo bima ya dhima kwa umma, inayomlipa mtu wa nje aliyeumia kwenye mali yako, lakini kwetu imeachiwa mahoteli, viwanda na wakandarasi. Mwenye kiwanja kitupu hata hajui kwamba inamhusu.

Kwa gari jambo hili tulishalikubali zamani. Tanzania huruhusiwi kuingiza gari barabarani bila angalau bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi tumeizoea kwa Sh 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwamo. Bima hiyo haitengenezi gari lako likigonga nguzo. Ipo kwa ajili ya mtu usiyemjua, atakayekuwa anavuka barabara siku hiyo. Mwaka 2022 Sheria ya Fedha ikapanua orodha ya bima za lazima hadi kwenye masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na vyombo vya majini. Ardhi tupu haikuguswa, na naielewa sababu: kipande cha ardhi kilichoachwa kama kilivyoumbwa hakina madhara makubwa kwa mtu. Hatari huanza siku jembe au katapila linapoingia.

Lakini kabla ya kuzungumzia ada, lazima tuitazame sheria, maana mtu hanunui bima ya deni ambalo hakuna atakayemdai. Kikwazo cha kale ni kwamba mtoto aliyezama aliingia bila ruhusa, na mvamizi hadai kitu. Marekani walianza kuutikisa ukuta huo mwaka 1873, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokubali fidia ya dola 7,500 kwa mtoto wa miaka sita aliyepondwa mguu akichezea mtambo wa kugeuzia mabehewa huko Nebraska. Reli ilikuwa ya kampuni, mtoto hakualikwa, lakini mtambo uliachwa bila kufungwa mahali ambapo watoto walijulikana kupita. Uingereza ilichelewa karibu karne nzima. Mwaka 1972, katika shauri la Herrington, mtoto aliyeumia relini, majaji walisema shirika la reli lililoacha uzio umekanyagwa hadi chini, huku likiwa limeambiwa kwamba watoto wanaonekana relini, lilikosa utu wa kawaida. Mwaka 1984 Bunge likaandika sheria: kama unaijua hatari, unajua watu huweza kuifikia, na ni jambo la busara kuwakinga, unawajibika hata kwa asiyealikwa.

Kenya wana sheria ya dhima ya wakaaji, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1957. Inasema wazi kwamba mwenye eneo ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Hata hivyo inamhusu mgeni aliyeingia kihalali, na kijana anayeogelea kwenye machimbo ya mawe yaliyotelekezwa si rahisi kumwita hivyo. Tanzania Bara hatuna hata hiyo. Mahakama zetu hurejea kanuni za Kiingereza zilizopokelewa tarehe 22 Julai 1920, nusu karne kabla ya Herrington. Jaji anaweza kuzichukua hukumu za baadaye kama mwanga, lakini hazimfungi. Mama aliyefiwa anapewa kesi ya kubahatisha.

Sasa ada. Kwa Mmarekani mwenye kiwanja kitupu cha kawaida, bima hii hugharimu dola mia chache kwa mwaka, na wengi wameshaipata bila kujua, kwa sababu mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba anayoishi mtu huifunika na ardhi tupu anayoimiliki kwingine, mradi si shamba. Ni nafuu kwa kuwa madai ni machache. Lakini kinachonivutia zaidi ni maswali ya kampuni kabla ya kutaja bei: ukubwa wa eneo, kama kuna bwawa, kisima au jengo bovu, kama pamezungushiwa uzio, kama watu hukatiza. Ukiwa na shimo wazi, ada inapanda au unakataliwa. Hayo ni maswali ambayo kwetu hayaulizwi na yeyote. Dalali anauliza bei, ofisi ya ardhi inauliza kodi, benki inauliza hati.

Wapo watakaosema basi kila mwenye ardhi alazimishwe. Siungi mkono. Mjane aliyerithi ekari mbili za mikorosho Kisarawe hapaswi kulipia hatari ambayo hakuitengeneza, na ada nyingine juu ya kodi ya ardhi itawasukuma wengi wafiche umiliki wao. Ningeanza na waliochimba. Mwenye machimbo ya kokoto au mchanga, kampuni inayopima mashamba makubwa na kuyauza viwanja, na yeyote anayepewa kibali cha ujenzi, hao waonyeshe bima kabla jembe halijagusa ardhi, na bima iendelee hadi shimo lifukiwe au lifunikwe. Hapo kuliacha wazi kutakuwa na gharama kila mwaka, na kulifukia kutakuwa nafuu.

Kuna hoja moja inayonisumbua: kwamba mwenye fedha atalipa ada na kuliacha shimo lilivyo. Ni kweli, mkataba mbovu ungempa kibali cha uzembe. Ndiyo maana mkataba unapaswa kulazimisha uzio na mfuniko, na kampuni ya bima ikishamlipa mzazi, imdai mwenye kiwanja aliyevunja masharti. Mzazi asisukumwe kwenye ugomvi wa hao wawili. Na inawezekana kufanya zaidi ya kufukia. Machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller, na leo ni bustani watoto wanakopelekwa kutazama wanyama.

Bunge likisubiriwa, mtaa unaweza kuanza. Kiwanja kinapouzwa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa mara nyingi hufika na kuonyeshwa mipaka. Yuko pale pale, amesimama hatua chache kutoka kwenye shimo. Mkataba wa mauziano uwe na mstari mmoja wa ziada: shimo lipo au halipo, kina chake, na nani kati ya muuzaji na mnunuzi atalifunika kabla ya masika.