Maeneo hayakusahaulika, yalisahauliwa

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi ambalo nililidhania kuwa jepesi: waandike kwa ufupi wasifu wa Kenya, yaani siasa yake, uchumi wake na jiografia yake. Nilikuwa nikitafuta mifano ya sentensi kwa ajili ya somo la sarufi, wala sikuwa na haja kubwa na yaliyomo. Nilipoketi kusahihisha nilihisi kana kwamba nasoma kazi ya mtu mmoja. Kenya inapitiwa na ikweta. Imepakana na Ethiopia, Somalia, Sudan Kusini, Uganda, Tanzania na Bahari ya Hindi. Ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Ina kaunti 47. Huuza chai na maua ng'ambo na hupokea watalii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Mwishoni, karibu kila mmoja alitia sentensi ya huruma: "Hata hivyo, baadhi ya maeneo yamesahaulika katika maendeleo."

Niliiandika sentensi hiyo ubaoni ili tuichanganue. Kabla sijaanza, kijana mmoja mwenyeji wa Marsabit, ambaye kwa kawaida si msemaji, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, yamesahaulika au yamesahauliwa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile ndilo nililopaswa kuliuliza mimi.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanaijua vyema tofauti hiyo. Tukisema "kikombe kimevunjwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?", nasi tunaweza kumjibu: na mtoto. Tukisema "kikombe kimevunjika", swali hilo halina pa kukaa. Kauli ya kutendeka hutueleza hali ya kitu baada ya tendo na kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Mtoto aliyevunja kikombe huijua kauli hiyo kabla hajafunzwa sarufi na mtu yeyote.

Je, kaskazini mwa Kenya kulisahaulika au kulisahauliwa? Historia haifichi jibu. Serikali ya kikoloni iliitawala sehemu ile kwa sheria za peke yake, na sheria ya mwaka 1934 ikazidi kubana mienendo ya wenyeji na ya wageni. Baada ya uhuru, amri za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka 1991. Isitoshe, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao ndio uliokuwa dira ya uchumi wa taifa changa, ulieleza waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na umeme. Matunda yake, ilitumainiwa, yangekuja kugawiwa wengine baadaye. Katika nchi ambayo takribani asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame, uamuzi huo ulijulikana utamfaidi nani na utamwacha nani. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Mtu aliyesahau haandiki waraka.

Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba ninazungumzia mambo ya mbali. Na apande matatu nambari 46 katikati ya jiji, apite Hurlingham na Valley Arcade, ashuke Kawangware. Njiani ataziona nyua pana za Lavington, malango yenye walinzi na miti iliyopandwa kwa mstari. Na kabla hajamaliza kuhesabu chenji yake atajikuta penye vibanda vya mabati na akina mama waliopanga foleni na mitungi ya maji. Kuhusu mahali kama hapo vitabu vyetu husema kwamba mitaa ya mabanda "imezuka". Moshi huzuka, na mzimu huzuka. Lakini Lavington na Kileleshwa zilipimwa na kugawanywa kwa ajili ya Wazungu, ilhali Dagoretti, ambamo Kawangware imo, ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu na iliingizwa katika mipaka ya jiji wakati wa uhuru. Mpaka baina ya mitaa hii miwili ulichorwa kwa kalamu, na mabomba yakaufuata.

Liko pia neno "kila". Wanafunzi wangu wengi waliandika juu ya "pato la wastani la kila Mkenya". Katika lugha yetu, "kila" humchukua mtu mmoja mmoja wala halimwachi hata mmoja; wastani, kwa upande wake, haumjui mtu yeyote. Mtu akila samaki wawili na jirani yake akalala njaa, kwa wastani kila mmoja amekula samaki mmoja. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mnamo Septemba 2014 hesabu za pato la taifa zilisahihishwa, pato likaongezeka kwa takribani robo, na Kenya ikaingia katika orodha ya nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Mgala muue na haki yake mpe: wataalamu wale walihesabu shughuli ambazo awali hazikuwa zimehesabiwa ipasavyo. Hata hivyo, mama muuza sukumawiki wa Kawangware aliamka siku ile na mboga zile zile na wateja wale wale.

Yamkini mwalimu wa shule ya upili ataniambia kwamba mtihani hutaka takwimu, na kwamba hana nafasi ya falsafa za chuo kikuu. Namwelewa, kwani hata mimi hufundisha nikiwa nimeukodolea mtihani macho. Wala sisemi takwimu zitupwe. Ninachosema ni kwamba anayejifunza kuieleza nchi yake kwa sentensi zisizo na watendaji atakua akiamini kwamba umaskini ni kama hali ya hewa, na hali ya hewa haiulizwi maswali.

Maswali hayo yana wakati wake. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikiri kwamba yapo maeneo yaliyotengwa, ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka ili kuyapelekea maeneo hayo maji, barabara, afya na umeme. Hazina hiyo ilipewa umri wa miaka 20. Maana yake ni kwamba itakoma mwaka 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Wengi wa wanafunzi walio katika shule za upili leo watakuwa wapiga kura siku hiyo. Watahitaji kujua kama kazi imefanywa au haikufanywa, na na nani. Wakiwa wamezoea kusema tu kwamba maendeleo "hayakupatikana", watakuwa wamewasamehe wahusika kabla ya kuwajua.

Nawasihi basi walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa masomo ya jamii: mwanafunzi akileta wasifu wa nchi, mwacheni na idadi zake, ila mwulizeni maswali mawili. Penye "kila", aseme ni nani hasa. Penye "-ika", ajaribu "-iwa", kisha atafute jina la kuweka baada ya "na". Zoezi hilo halihitaji kitabu kipya wala idhini ya mtu.

Siku ile nilirudi ubaoni nikafuta herufi moja, "k", nikaandika "w" mahali pake. Kisha nikaongeza "na", nikaacha nafasi wazi. Kengele ililia kabla hatujakubaliana tuandike nini. Wiki iliyofuata waliniletea wasifu mpya. Ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, na hakuna wawili walioandika jambo moja.