Mdhamini Mpya, Amana Ile Ile

Kila mara hazina ya akiba inapopata mkuu mpya, magazeti hutuchapishia picha yake, elimu yake na vyeo alivyowahi kushika. Ni desturi njema. Walakini, jirani yangu mtaani Umoja, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi viwandani, aliwahi kuniuliza swali ambalo picha hizo hazilijibu: "Mwalimu, mkubwa akibadilishwa, ile amana yetu hukabidhiwa mbele ya nani?"

Mimi si mtaalamu wa fedha. Kazi yangu ni lugha, nami nitamjibu kwa njia niijuayo.

Wanaoisimamia NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, huitwa wadhamini. Neno hilo tulilichagua kutafsiri cheo cha Kiingereza, lakini maana zake hazilingani. Katika Kiingereza, mwenye cheo hicho ni mtu aliyeaminiwa. Mdhamini wa Kiswahili ana mzigo mzito zaidi. Muulize yeyote aliyemdhamini nduguye katika Mahakama ya Makadara. Aliweka hati ya shamba lake mezani, akijua kwamba nduguye akitoroka, hasara ni yake. Mwenye kupokea amana hutakiwa airudishe kamili. Mwenye kutoa dhamana hujibu kwa kilicho chake.

Haya si mambo ya kamusi tu. Fedha za wanachama ndizo zilizojenga mtaa wa Nyayo Embakasi. Mapema mwaka 2014, karibu na hapo, mradi wa hazina hiyo wa miundomsingi katika mtaa wa Tassia, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 5, ulizua mzozo. Francis Atwoli, Katibu Mkuu wa COTU, aliupinga hadharani, na jambo hilo likafika Bungeni. Tangu siku hizo uongozi umetoka kwa Richard Langat, ukaenda kwa Anthony Omerikwa, kisha kwa David Koross. Sikusudii kumhukumu yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba huku mitaani tulifahamu ni nani ametoka na ni nani ameingia, lakini ni wachache mno miongoni mwetu wangeweza kueleza ni kitu gani kilichokabidhiwa.

Zamani mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, naye angeweza kuzisahau. Tangu Februari 2023, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, makato ni asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Donholm anajua pengo linaloachwa na makato hayo mwisho wa mwezi.

Najua nitaambiwa kwamba hesabu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu na ripoti hutolewa. Ni kweli. Lakini ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Amana isiyoelezwa kwa lugha ya mwenyewe ni nusu ya amana.

Basi pendekezo langu ni dogo. Siku ya makabidhiano, anayeondoka na anayeingia watie sahihi ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu: fedha zilizopo, ardhi, majengo, hisa, madeni na kesi zilizo mahakamani. Ukurasa huo uchapishwe magazetini kando ya picha. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha neno dhamana, msiishie kwenye maana ya kitabuni. Waambieni wanafunzi kwamba siku moja watakatwa mshahara, na kwamba wana haki ya kuuliza kama alivyouliza yule mzee. Jibu lake ni fupi: amana hukabidhiwa mbele ya mwenyewe.