Setilaiti za vipuri vya dukani: Mkulima ananufaikaje?

KWA miaka mingi, moja ya sababu za setilaiti kuwa ghali imekuwa ni vipuri vyake vya kielektroniki. Vipuri hivyo hutengenezwa mahsusi ili vihimili mionzi ya angani, na kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache, bei huwa juu. Vipuri vya simu ya mkononi huuzwa kwa mamilioni, ndiyo maana ni rahisi.

Je, vipuri vya dukani vinaweza kudumu angani? Huko mionzi huvuruga kumbukumbu ya kompyuta, joto kali na baridi kali hupishana, na hakuna hewa ya kupooza mitambo. Maabara hupima hayo, lakini jibu kamili hupatikana kifaa kikirushwa.

Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilitumia vipuri vya kawaida katika setilaiti yake ya UoSAT-1 iliyorushwa mwaka 1981. Aprili 21, 2013, Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilirusha setilaiti tatu za PhoneSat, kila moja ikiwa mchemraba wa takriban sentimita 10, na kompyuta yake ilikuwa simu ya kawaida. Vipuri vya setilaiti moja viligharimu kati ya dola 3,500 na 7,000. Kwa muda wa wiki moja hivi zilituma picha za dunia, kisha zikaungua zikirudi katika anga la dunia.

Hesabu yake ni ya mkulima anayejaribu mbegu mpya kwenye robo eka kabla ya kuipanda shamba zima. Ikishindwa, hasara ni ndogo.

Baadhi ya waliobuni PhoneSat walishiriki kuanzisha kampuni ya Planet. Februari 15, 2017, kampuni hiyo ilirusha setilaiti ndogo 88 kwa roketi moja ya India. Wingi huo ndio bima yake, kwani moja ikiharibika nyingine huendelea kupiga picha. Nchini Kenya, setilaiti ndogo ya Taifa-1, iliyogharimu shilingi milioni 50 za nchi hiyo, ilirushwa Aprili 15, 2023, kilimo kikiwa miongoni mwa malengo yake.

Hata hivyo, setilaiti kuwa rahisi hakumaanishi kwamba taarifa zake zitakuwa rahisi. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya ni kubwa na za gharama, lakini picha zake hutolewa bure kwa sababu walipa kodi wa huko wameshazilipia. Zile ndogo za Planet ni za kibiashara, na picha zake huuzwa. Bei humfikia mkulima kulingana na nani aliyelipia setilaiti, si kwa gharama ya vipuri pekee.

Kwa hiyo chama cha ushirika kinapouziwa huduma ya kupima mazao kwa setilaiti, au bima inayotegemea picha hizo, kiulize mambo mawili kabla ya kutia saini. Kwanza, je, picha hizo ni zile za bure? Kama ndivyo, malipo yawe ya kazi ya kuzitafsiri tu. Pili, nukta moja ya picha inafunika eneo gani? Nukta ya Sentinel-2, hata ile iliyo bora zaidi, ni mita 10 kwa 10, hivyo shamba la nusu eka lina nukta 20 tu, na zile za mpakani huchanganya mahindi ya mwenye shamba na maharage ya jirani.