Chupa ya Arusi na Jasho la Mvunaji



Katika arusi nyingi za hapa Mwanza, saa ya kufungua shampeni imekuwa kama ibada ya pili. Wageni husimama, kizibo huruka, povu humwagika, vigelegele husikika. Sisi hatuilaani divai. Bwana mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Twauliza tu: ni nani aliyezichuma zabibu hizo, naye alilipwa nini?

Shampeni halisi hutoka eneo la Champagne, nchini Ufaransa, peke yake. Katika mji wa Aÿ ipo nyumba ya Bollinger, iliyoanzishwa mwaka 1829 na ambayo ingali mikononi mwa familia. Divai yake ya mavuno ya mwaka mmoja hutengenezwa katika miaka iliyo bora tu, na sheria yadai divai ya namna hiyo ikomae kwa muda usiopungua miaka 3. Subira hiyo ni ya kusifiwa. Lakini tumbo la mvunaji halina ghala la kungojea.

Katika mji huo huo, Aprili 1911, wakulima walivunja na kuchoma maghala, wakiwakasirikia wafanyabiashara walioleta zabibu za bei nafuu kutoka kwingine na kuwapunja wao. Na mwaka 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu 3 kwa kuwatumikisha wavunaji zaidi ya 50, wengi wao wana wa Afrika Magharibi, waliolazwa mahali pasipomfaa binadamu. Hatuisingizii nyumba tuliyoitaja. Twasema tu kwamba sifa ya chupa haimshibishi aliyeijaza.

Wala tusiwanyoshee Wafaransa kidole peke yao. Minofu ya sangara wa ziwa letu huenda Ulaya. Sisi huachiwa mapanki. Kibarua wa mtumbwi hupewa fungu lake baada ya tajiri kukata mafuta na gharama nyingine, na mara nyingi hesabu yenyewe haioni. Tajiri huyo pengine hukaa benchi la mbele kanisani, tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya arusi!

Basi twadai mambo mawili. Kamati za arusi zisimtoze maskini mchango wa shampeni. Na kila mwenye mtumbwi aliye mwanajumuiya awasomee vibarua wake hesabu yote, hadharani, kabla ya kugawa.

Mtume Yakobo alionya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele. Kelele hiyo haizimwi na mlio wa kizibo.