Chai ya Nani?

Wiki jana rafiki yangu mmoja aliandika WhatsApp, pale ambapo kila mtu aliye na namba yake anaona: "Mimi simpi weita kitu. Ana mshahara wake. Kwani mimi nikimaliza kazi nani hunipa bakshishi?" Nilimjibu kwa kicheko cha uongo, halafu nikakaa na hasira siku nzima. Si mtu mbaya. Hunilipia chakula nikiwa nimesota, na husota mimi mara nyingi kuliko ningependa kukiri hapa. Lakini kwa hili amekosea, na wengi wenu mnaokula mjini Kisii wikendi mmekosea pia, hata nyinyi mnaotoa.

Nilikuwa weita kwa miezi saba. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na hoteli moja mjini ikanichukua siku hiyo hiyo kwa sababu najua kusoma menyu na sina tabia ya kujibizana. Nililipwa 400 kwa siku. Ukivunja glasi, inakatwa. Mteja akitoroka na bili, inakatwa. Na ikifika kama siku ya 25 ya mwezi, tulikuwa tunaambiwa tupumzike siku tatu nne, kisha turudi "upya." Sikujua kwa nini hadi niliposoma Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua akifanya kazi mfululizo hadi zile siku zifike mwezi, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinabadilika. Kumbe lile pumziko lilikuwa la sheria, si la miguu yangu.

Kwa hivyo rafiki yangu anaposema "ana mshahara," mimi huuliza: upi? Serikali iliongeza kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na magazeti yakaandika. Kwetu hoteli hakuna aliyeongezwa hata bob. Hata ile amri yenyewe ya mishahara inaugawa mji na mji. Wa Nairobi amewekewa zaidi kuliko wa mji mdogo, kana kwamba unga wa huku unasagwa kwa huruma.

Lakini si mshahara ulioniumiza. Ni kibao.

Unakijua. Kile kibao cha kijani kilicho mezani au ukutani, chenye namba ya Lipa na M-Pesa. Mteja anakula kuku na ugali wa wimbi, bili 780. Anafurahi. Anatuma 900 kwa kibao, ananigonga bega, "Hiyo ingine ni yako, bro." Anaondoka akijihisi mtu mzuri, na ni mtu mzuri kweli. Ile 120 inaingia kwa mwenye hoteli. Mara ya kwanza nilienda kwa keshia nikidhani ni suala la kupiga hesabu tu. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jua huenda wapi usiku. Nikaenda kwa mwenyewe. "Mteja amelipa hoteli. Wewe ni hoteli?"

Nilianza kuandika nyuma ya daftari langu la chuo, lile la takwimu, angalau somo moja linisaidie. Tarehe, meza, kiasi. Nilipoacha kazi daftari lilikuwa na 11,460. Hizo ni pesa ambazo watu walinipa mimi kwa mdomo wao, wakinitazama usoni, na hazikunifikia. Sijui kama zingenirudisha chuo. Najua zingelipa nyumba yangu ya Mwembe kwa miezi kadhaa, na mwenye nyumba hangenifungia nje na kufuli yake.

Basi sikiza, wewe unayetoa: kama hukuiona ikiingia mkononi mwake au kwenye simu yake, hujampa. Umemwongezea bosi. Lipa bili kwa kibao, halafu mwulize weita namba yake. Kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada. Soo moja, sekunde kumi. Ukiona aibu kuomba namba, toa noti.

Na kwa kuwa nimetaja namba, wanaume, tuongee. Dada mmoja niliyefanya naye kazi aliachiwa 500 na karatasi yenye namba ya simu. Hakupiga. Jamaa akarudi wiki iliyofuata akalalamika kwa mwenye hoteli kwamba yule msichana ana madharau na huduma imeshuka. Dada akahamishiwa jikoni kuosha vyombo, mahali ambapo mteja hafiki na bakshishi haifiki. Alirudishwa mbele baada ya miezi miwili, akiwa amejifunza kucheka na kila mtu. Ile haikuwa bakshishi. Ilikuwa arbuni.

Najua hoja ya wale waliosoma zaidi yangu. Watasema bakshishi ni mtego, inamfanya mwenye kazi asilipe vizuri, angalia Marekani. Nimeangalia. Baada ya utumwa kuisha huko mwaka 1865, kampuni ya treni za kulala ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani wawe wahudumu, kwa mshahara mdogo, ikitegemea abiria wajazie. Wahudumu wale walikuja kuunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka mingi hadi kampuni ikakubali kuketi nao. Na hadi leo sheria ya taifa lile inaruhusu mfanyakazi wa bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa na mwajiri wake, kiwango kilichokaa hapo tangu 1991, ili mradi bakshishi ijazie hadi kima cha chini cha kawaida. Kwa hivyo ndiyo, bakshishi inaweza kuwa kichaka cha bosi kujifichia.

Sasa niambie: ukimnyima weita wa Kisii ile soo, bosi anapata hasara gani? Hakuna. Analala vizuri. Aliyegomewa ni yule aliyesimama tangu saa kumi na moja asubuhi. Ukitaka kugoma, gomea hoteli. Muulize mwenyewe kwa sauti, watu wakisikia, kama pesa ya kibao huwafikia wahudumu. Nimewahi kuona mteja akifanya hivyo mara moja tu, mama mmoja wa makamo aliyeshuka kutoka Keroka, na siku hiyo tulilipwa zote kabla ya saa mbili usiku.

Kisha kuna hawa wa barabarani, na hapa mimi mwenyewe sina usafi wa kuwahubiria.

Mvua ya Kisii mnaijua. Saa tisa alasiri anga linageuka, saa kumi kila mtu yuko chini ya mabati. Siku moja nilikuwa Daraja Mbili, nimebeba begi lenye kompyuta ya kuazima, nikamwita mzee wa boda. Mzee kweli, mvi kwenye kidevu, koti la mvua limepasuka begani. Akasema 100 hadi Mwembe. Nikamwambia, "Tata, kawaida ni 70." Akasema mvua. Nikasema 80. Tukabishana hapo, maji yakitushukia, mimi kijana niliyeibiwa 11,460, nikimng'ang'ania mzee kwa ajili ya mbao. Akakubali. Tulipofika nikampa 80 kamili, sarafu kwa sarafu. Akasema asante.

Nimefikiria lile asante kuliko mambo mengi ya maana. Pikipiki nyingi mnazopanda si za wanaoziendesha. Jioni kuna hesabu ya mwenye pikipiki, iwe mvua iwe jua, mafuta ni yake dereva, na kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Yule mzee hakuwa na mshahara wa kujaziwa. Ile bei ndiyo mshahara. Ukimpunguzia mbao kwenye mvua, umekata chakula. Halafu jioni hiyo hiyo nyinyi hao hao mnaingia hotelini na kuacha 200 mezani kwa sababu kuna taa nzuri na mtu amewaita bosi.

Ndiyo maana nasema hatutoi kwa anayehitaji wala kwa aliyefanya kazi ngumu. Tunatoa kwa anayetufanya tujione. Mtu wa mkokoteni anayesukuma gunia la viazi kupanda kilima huku akipiga kelele "pisha, pisha" hajawahi kupewa ya soda na mtu ninayemjua. Dereva wa Probox wa Nyamira, aliyegawana kiti chake na abiria hadi usukani anaushika akiwa amekaa upande kama anapigwa picha, yeye hatumpi, na pengine ni sawa. Kumpa ni kumshukuru kwa kutotuua. Makanga tunamwambia "rudisha chenji yangu" hata kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Kama unataka kanuni, yangu ni hii, na haina adabu nyingi. Kabla ya kutoa bakshishi popote, lipa bei. Bei ya usiku ni ya usiku, ya mvua ni ya mvua. Mtu akikubeba na mzigo, mzigo una bei. Ukishaacha kupunguza walio chini yako, ndipo uanze kujiita mkarimu.

Na kuna chai nyingine ambayo haifai kutolewa kabisa. Kiswahili chetu cha Kenya kimekuwa kivivu hapa: neno moja, chai, ni la weita, ni la karani wa ofisi, ni la afisa kwenye kizuizi cha barabarani. Mimi huzitenganisha kwa swali moja. Je, huyu mtu anaweza kuninyima kitu kilicho haki yangu? Kama anaweza, na anangoja niguse mfuko, hiyo ni hongo, hata akiiita ya lunch, na tuna Sheria ya Hongo ya 2016 inayoiita kwa jina lake. Weita hawezi kuninyima kitu. Mzee wa boda hawezi. Cha ajabu ni kwamba aliye na nguvu ya kutunyima tunamlipa haraka, bila kupunguza, tena kwa heshima, na asiye na nguvu ndiye tunayembania.

Wazee wetu Wagusii walikuwa na risaga. Majirani wanakuja kulima shamba lako, na wewe unawaandalia pombe na chakula, na kesho yake unaenda kwao. Sisemi turudi huko. Pombe yenyewe ilileta shida zake. Ila hakuna aliyeketi kwenye risaga akijiuliza kama waliolima "wanastahili." Walilima, wanakula.

Nilidhani makala haya yangeishia hapo, kwa hasira juu ya bosi na huruma kidogo kwa boda. Lakini wikendi iliyopita nilienda nyumbani, ng'ambo ya Kebirigo, na mambo yakanigeukia.

Mama yangu ana chai. Si nyingi, miti ya kumtosha kulalamika. Mgongo wake hauwezi tena kuchuma, kwa hivyo kuna mwanamke jirani anayemchumia. Anaamka gizani, anavaa karatasi ya plastiki kiunoni, anachuma, anabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, anangoja gari la kiwanda. Mama humlipa shilingi 10 kwa kilo. Halafu Oktoba bonasi inakuja, na bonasi ni ya mwenye miti. Nyamira nzima huishi ikingoja mwezi huo. Karo, mabati, madeni ya dukani, harusi. Mwanaume aliyepokea bonasi Ijumaa utamwona Kisii Jumamosi akiwaachia wahudumu noti kama mheshimiwa. Nimewahi kuzipokea noti hizo mimi mwenyewe.

Nikamuuliza mama: huyu anayekuchumia, Oktoba humpa nini?

"Humlipa kila wiki," akasema.

"Najua. Namaanisha kwenye bonasi."

Akaacha kuchambua mboga. "Kwani mimi nani hunipa? Unajua bonasi ya upande huu ilivyo? Ya wenzetu wa Mlima Kenya ni kubwa, sisi tunabaki kuhesabu makato. Nikimgawia, mbolea ninunue na nini?"

Ni maneno yale yale ya rafiki yangu, na safari hii sikuwa na kicheko cha uongo cha kujibia. Kwa sababu mama hasemi uongo. Karatasi ya malipo niliiona, makato niliyaona. Na bado yule mwanamke ndiye aliyegusa kila jani. Karo yangu ya ile miaka miwili na nusu ya chuo ilitoka kwenye vidole vyake, na sijui hata mtoto wake mkubwa anaitwa nani.

Nilimwambia mama kwamba Oktoba nitakuja na ya mchumaji mimi mwenyewe, hata kama ni 1,000, lakini ya mwaka ujao itoke kwenye bonasi. Nikitaja namba ya simu ya huyo mwanamke ili nimtumie moja kwa moja, mama akasema hana simu, hutumia ya mtoto wake.

"Basi nitampa mkononi."

Mama akanyamaza kwa muda mrefu, akirudia mboga zake. Kisha akauliza kama nimekula.